Kikao cha Kwenda Kulala Mtoni

Baba yangu aliposema anataka kwenda kulala mtoni, nilimuuliza kitanda changu kimemkosea nini. Nilikuwa nimeinamia cherehani, namalizia gauni la komunyo ya kwanza la mtoto wa watu, sina muda wa vituko. Akanijibu kwamba kitanda ni kizuri na godoro halina neno, ila macho yake yanakwisha.

Hilo nilikuwa nalijua. Daktari alishatuambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwenda hakirudi, na dawa ya matone ni ya kuchelewesha tu. Baba alikuwa anaona katikati, pembeni kote giza, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe lilikuwa linasinyaa kila mwezi. Kabla halijaziba, alitaka aone tena korongo la Ruvuma, kule kusini karibu na mpaka, mahali mto unapobanwa na majabali pande zote mbili mpaka unapiga kelele. Ujanani alikaa kule na wapasua mbao wenzake, wakilala ukingoni, na anasema hajapata kuona tena kitu kizuri namna ile, akimhesabu na mama yangu, Mungu amrehemu.

"Nataka nilale pale, niamke, niyakute maji yapo," alisema. "Macho yakitaka kufunga baada ya hapo, yafunge."

Sisi watu wa Songea hatulali nje kwa raha. Mtu akilala nje ana sababu yake: analinda mahindi yasiliwe na nguruwe, au kagombana na mkewe, au kuna msiba. Uchome matofali, ujenge, uezeke bati, uhangaike mpaka umeme uingie, halafu kwa hiari yako ukalale majanini kwenye ardhi ya kijiji cha watu? Lakini mdogo wangu wa kiume, ambaye huko Arusha ni dereva wa watalii, alikuwa nyumbani likizo, na aliposikia hayo macho yake yaling'aa.

"Dada, hiyo inaitwa kupiga kambi. Watu wanapanda ndege kuja kulala kwenye hema."

"Kwao hawana nyumba?"

"Wanazo. Kubwa."

"Basi wana shida nyingine."

Hata hivyo nilikubali. Tangu baba atoke kijijini Maposeni kuja kukaa kwangu alikuwa hajaniomba kitu. Mboga ikipungua chumvi anakula hivyo hivyo, anashukuru. Leo anaomba mto, nitamnyimaje?

Mdogo wangu akasema kambi haipigwi kwa kubahatisha, lazima kwanza tufanye majaribio uani. Siku ya majaribio mimi nilikuwa kibandani kwangu sokoni, nimeshayasahau. Jioni nikapanda bodaboda kurudi nyumbani Bombambili. Tulipokaribia kona ya kwetu dereva akazima muziki, akapunguza mwendo, akasema taratibu, "Pole sana, mama."

Nikatazama mbele. Turubai la kijani lilikuwa limefungwa kutoka kwenye paa langu mpaka kwenye mparachichi. Chini yake gogo linawaka, sufuria kubwa iko kwenye mafiga. Viti vya sebuleni kwangu viko nje. Wanaume wamekaa upande mmoja, kofia magotini, hawasemi. Wanawake wako mikekani, miguu wameinyoosha, khanga kichwani. Na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ndiyo kwanza anaingia getini na unga kichwani, analia.

Kwenye pikipiki sikushuka, nilianguka. Nilijua ni baba. Nikalia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, na kilio changu kikawafungulia njia wote waliokuwa kimya, maana walikuwa wanamngoja mwenye msiba aanze. Wanawake wakanipokea. Mmoja akanifunga khanga kiunoni, wawili wakanishika makwapani, wakaniingiza uani taratibu, na njiani nikampita baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu katikati ya wanaume, kikombe cha chai mkononi, uso umemjaa huzuni.

"Pole mwanangu," akaniambia.

Nilijichomoa mikononi mwa watu nikamshika mabega. "Baba! Wewe ni mzima?"

"Mimi mzima."

"Sasa nani amekufa?"

"Hata mimi nasubiri kutangaziwa."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mtu haingii msibani akauliza nani amefariki, hiyo ni kukosa adabu. Unaona turubai, unaona moto, unakwenda, unakaa, unatulia, utaambiwa. Baba alikuwa ametoka kulala mchana akakuta ua umejaa watu, watu wakamwamkia na kumpa pole, naye akasema nimeshapoa, akachukua kiti. Wao walimwangalia yeye wakingoja aseme, yeye aliwasikiliza wao. Mdogo wangu aliyefunga hilo turubai alikuwa amekwenda kununua kamba nyingine za hema, kachelewa huko akipiga soga.

Aliporudi akaeleza. Mzee mmoja akauliza kama anaweza kwenda kumzuia mkewe asiendelee kusonga ugali.

Lakini sasa kulikuwa na unga, maharage, kuni, na dagaa wa Nyasa, vyote vimeletwa. Kitu kilichopelekwa msibani hakirudi nyumbani. Nani angethubutu kubeba ule unga kurudi nao jikoni kwake, hata kama maiti hayupo? Ikabidi upikwe. Watu wakala, wakashiba, wakachangamka, na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mama mmoja mpana mwenye sauti ya kengele, akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina!"

"Ndugu zangu, kwa kuwa tumeshakutana, na kwa kuwa baba yetu ana safari, na kwa kuwa safari haiendi bila kamati..."

Mdogo wangu akasema safari yenyewe ni ya watu watatu. Hakuna aliyemsikia.

Kesho yake asubuhi akaja shangazi yangu kutoka Namtumbo, dada yake baba. Alikuwa amepigiwa simu jana yake kwamba njoo, ila jambo lenyewe hatujui. Alilia njia nzima. Alipomkuta kaka yake anakunywa uji, alimpiga kofi la bega, akamwambia hana adabu, akalia tena. Kisha akatangaza kwamba hawezi kurudi Namtumbo na machozi ya bure. Angengoja safari. Akawa mwenyekiti wa kamati ndogo ya chakula.

Nimekaa kwenye kamati za harusi, za kipaimara, za kumuaga paroko na za kumpokea paroko. Najua jambo la watu wawili linavyopewa kamati likatoka jambo la kata nzima. Lakini zile huwa na bibi harusi au paroko; kila mtu anajua mwisho wake nini. Kamati yetu haikujua inaandaa nini, na kwa sababu haikujua, ilifanya kazi kwa bidii mara mbili. Kundi la WhatsApp likafunguliwa. Tukapata kamati ndogo ya usafiri, ya ulinzi, ya liturujia, na moja ya choo, ambayo kila aliyeteuliwa aliugua.

Kikao cha kwanza mdogo wangu alipewa nafasi ya kuelimisha.

"Tukifika tunafunga mahema," alisema.

"Tukishafunga?" akauliza mama mwenyekiti.

"Tunakaa."

"Tunakaa tukifanya nini?"

"Tunauangalia mto."

"Tukishauangalia?"

"Tunaendelea kuuangalia."

Watu wakatazamana. Mama mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake, akapendekeza tutafute MC, maana bila MC watu watapwaya. Pendekezo likaungwa mkono. MC akisimama atahitaji kipaza sauti, kipaza sauti kitahitaji jenereta, na jenereta haiendi kwa gari dogo. Kwa hiyo gari dogo ambalo mdogo wangu alikuwa ameazima kwa safari likakataliwa, tukaanza kutafuta Fuso.

Kikao cha pili kilikuwa cha sare. Hapo walinikamata mimi. Nilisema mtu anakwenda kulala mtoni, sare ya nini, nzi wa mtoni watatusifu? Lakini kitenge kilikuwa kimeshachaguliwa, cha bluu chenye samaki, na fundi cherehani kwenye kamati alikuwa mmoja. Nikashona. Nilishona sare za watu ambao sikuwahi kuwaona, naletewa vipimo kwenye simu, na kila nikifikiri nimemaliza anaongezeka mjumbe. Baba alikuwa anakaa mlangoni kwangu akisikiliza cherehani, ananiuliza, "Bado wangapi?" Namwambia wachache. Kila jioni namtilia matone machoni, na yeye ananishukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Kikao cha tatu kilikuwa cha mchele. Shangazi alisema shughuli isiyo na pilau si shughuli. Mzee mmoja akasema mtoni panaliwa ugali na samaki, pilau la mtoni halijapata kusikika tangu enzi za babu. Mdogo wangu akasema watalii hula mkate na mayai ya kuchemsha, wakamwambia akae. Shangazi akauliza kama kuna mtu ana chuki naye binafsi. Tulianza jua likiwa juu, tukaachana watu hawaonani nyuso, na mchele ukashinda kwa kura chache. Baba alikuwepo, kwenye kiti chake karibu na mlango, kama alivyokuwepo vikao vyote. Walipoondoka alibaki amekaa kwa muda. Nikamwambia ndiyo watu hao, baba, vumilia. Akasema amevumilia.

Baada ya hapo ikawa Jumamosi ijayo, na nyingine ijayo. Mara MC ana harusi Peramiho. Mara Fuso imepelekwa kubeba tumbaku. Mahindi yakavunwa, yakapukuchuliwa, baridi ikaingia, sisi bado tuna kikao. Siku moja nilisimama na sindano mdomoni, nikaitoa, nikawaambia kwamba Jumamosi hii mimi na baba tunaondoka, mwenye sare na asiye na sare, mwenye MC na asiye na MC, na anayetaka kuendelea na kikao aendelee, ufunguo wa geti uko kwa jirani. Baba akapiga makofi peke yake.

Wote wakaja. Fuso ilijaa sare za samaki, jenereta katikati, shangazi juu ya gunia la mchele, watu wanaimba. Mimi na baba tulikaa mbele na dereva. Niliteremsha kioo ili baba apate hewa, naye akatoa mkono nje, akauacha hapo karibu njia nzima.

Korongo liko kwenye msitu wa kijiji. Ni mali ya umma, halina geti wala mlinzi, lakini huwezi kwenda kulala kwenye mali ya umma bila umma kujua. Mama mwenyekiti alikuwa ameshampigia simu mtendaji wa kijiji, akamweleza kwa ufupi kwamba tunakuja watu kutoka Songea, tunakuja kukaa mtoni usiku kucha, ni kwa ajili ya mzee wetu. Mtendaji akajibu kwamba ameelewa, tena akatoa pole. Mama mwenyekiti alidhani anatupa pole ya safari.

Tulipofika, kijiji kizima kilikuwa ukingoni, kimya, wanaume wamevua kofia. Mitumbwi miwili ilikuwa majini, kule chini mto unapotoka kwenye majabali ukatulia, na vijana wamesimama ndani wameshika miti mirefu na nyavu. Wanawake walikuwa wametupikia. Mtendaji, mtu mwembamba mwenye koti zito, akaja moja kwa moja kwangu kwa sababu nilikuwa nimemshika baba mkono.

"Poleni sana," alisema. "Alizama lini?"

Watu wa mtoni nao wana sababu zao. Kule watu hawaji kulala ukingoni na turubai na sufuria ila kwa jambo moja: mto umechukua mtu, ndugu wanangoja aibuke. Na sisi tulikuja gari zima, tumevaa sare, tunaimba nyimbo za kanisani.

Nikamwambia hatujapoteza mtu. Tumekuja kuangalia mto tu.

Akanitazama kwa huruma kubwa. Akanivuta pembeni, akashusha sauti. "Mama, kama ni jambo la aibu, kama alijitupa mwenyewe, sisi hatuulizi. Hapa ni pa umma. Kaeni mpaka apatikane."

MC akajaribu kueleza kwa kipaza sauti, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu alianza na "tumekusanyika hapa". Shangazi akawapa pilau, wao wakatupa ugali, tukala pamoja kwa heshima. Na vijana wa mitumbwi, tulipowasihi watoke majini wapumzike, walikataa. Walipapasa vilindi kwa miti yao mpaka jua likazama, wakimtafuta mtu ambaye hayupo, wakisema huwezi kujua. Mtendaji naye akaweka kambi upande wa pili wa mto na watu wake, ili asituache peke yetu.

Baba aliomba asipelekwe ukingoni jioni ile. Alisema kuna zogo, atauona mto asubuhi kukitulia. Alilala hemani, kichwa upande wa maji, na nilimsikia anahema vizuri.

Asubuhi nilitoka hemani nisione kitu. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka korongoni, umejaza kila mahali. Turubai silioni, Fuso siioni, mkono wangu mwenyewe nauona nusu. Maji yalikuwa yananguruma chini yetu, karibu sana. Nikamshika baba, nikamwongoza mpaka kwenye kamba ambayo mdogo wangu aliifunga jana yake ili mtu asipitilize, na mmoja mmoja kamati ikaja, sare juu ya masweta, wakajipanga kwenye kamba.

"Mto uko wapi?" akauliza shangazi.

"Mbele yako," akajibu mdogo wangu.

"Mimi sioni."

"Hakuna anayeona, shangazi."

Mtu akanung'unika kwamba vikao vyote vile, kumbe tumekuja kuangalia shuka. MC akasema tuvute subira. Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaishika kamba kwa mikono miwili.

"Karibuni," alisema. "Huku ndiko niliko mimi."

Wengine wakacheka naye. Mimi nilichelewa kidogo kuelewa, na nilipoelewa nikamgeukia.

"Baba. Lile bomba?"

"Limeziba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kikao cha mchele. Mnabishana, mimi naona uso wa mama mwenyekiti unafifia, unafifia, nikadhani ni jioni. Kumbe haikuwa jioni."

Sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

"Mbona hukusema?"

"Nilinyoosha mkono," alisema baba, bila hasira yoyote. "Mwenyekiti akasema nitapewa nafasi kwenye mengineyo. Halafu mkafunga kwa sala kabla ya kufika mengineyo. Baadaye nikaona mmeshahangaika sana, na sare zimeshashonwa."

Nilishikwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena. Nilitamani kuwasukuma wote korongoni pamoja na jenereta yao. Jioni zote zile nimemtilia matone kwenye macho ambayo hayanioni, naye anafungua, anatazama juu, anasema asante! Nililia. Mama mwenyekiti akakaa chini kwenye majani mabichi akajifunika khanga uso. Na shangazi, aliyelia bure njia nzima ya kutoka Namtumbo, safari hii akalia kwa haki, akilitaja jina la kaka yake, na sauti yake ikavuka maji.

Kutoka ng'ambo, ndani ya ukungu, mtendaji akaita kwa nguvu:

"Mmempata?"

Akaita tena, na tukasikia vijana wanasukuma mitumbwi.

"Nipo hapa!" baba akapaza sauti. "Msihangaike, nipo!"

Jua lilipochomoza ukungu ukaanza kuchanika kutoka juu. Kwanza tuliona vilele vya majabali, kisha miti iliyong'ang'ania kwenye nyufa, kisha chini kabisa maji. Kamati nzima ikaanza kumweleza baba kwa mara moja. Mmoja anasema maji ni ya kijani, mwingine anasema ni ya udongo, shangazi anasema ni meupe kama povu la sabuni, mzee wa ugali anapinga, MC anaomba wapeane zamu. Baba akainua mkono. Safari hii wote wakanyamaza.

"Aseme binti yangu," akasema.

Nikamwambia maji yanapita. Akaniuliza yanapitaje. Nikagundua kwamba maisha yangu yote nimeyaona maji yakipita na sijawahi kuyatazama. Nikapangusa kamasi kwa mkono wa sare, nikasogea kwenye kamba, nikatazama. Nikamwambia yanaingia juu kule yakiwa mapana na mapole, yanakuta jabali moja jekundu, yanagawanyika, upande mmoja unateleza, upande mwingine unajikunja na kurudi nyuma kabla ya kuanguka. Nikamwambia pale yanapokutana tena yanatoa moshi. Nikamwambia kuna ndege mweusi amesimama kwenye jiwe na halowi. Nilisema mpaka koo likakauka na jua likawa kali mgongoni, na baba alisikiliza ameelekeza uso pale pale ninaposema.

Nilipomaliza alinyoosha kidole mbele yake.

"Umeruka ukuta wa ng'ambo," alisema. "Pale tulipokuwa tunateremshia mbao."

Nikautafuta ukuta wa ng'ambo, nikaanza kumweleza.